Flagyl ya safari na limau la samaki mbichi

SWALI: Shikamoo mfamasia. Nauza viatu na mikoba hapa Majengo, Dodoma. Baada ya miezi miwili nakwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo, mara yangu ya kwanza, na nitakaa siku 12. Napenda kula, na nimepania kuzunguka masoko yao nionje kila nitakachokuta, hata wale samaki mbichi wanaokatwa vipande vyembamba. Mwenzangu aliyezoea njia hiyo anasema nimeze Flagyl kutwa mara mbili tangu siku ya kupanda ndege hadi siku ya kurudi, na samaki mbichi nimkamulie limau na pilipili ya kutosha, hatanidhuru. Kuna na dada anauza unga wa mitishamba wa kukinga tumbo, shilingi 45,000. Je, dozi hiyo ya Flagyl ni sahihi? Na unga ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna dozi sahihi ya Flagyl kwa mtu asiyeumwa. Swali hili hunifikia dirishani karibu kila wiki, na huja vilevile: mtu haulizi kama ameze, anauliza ameze ngapi. Anayekwenda Dubai, anayempeleka mgonjwa India, hata anayeshuka Kariakoo siku tatu kufunga mzigo.

Flagyl ni antibayotiki inayoua vimelea vya amiba na giadia, na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini kuhara kwa wasafiri mara nyingi huletwa na bakteria wengine kabisa: aina za E. koli zinazotoa sumu, kampilobakta, salmonela, shigela. Hao Flagyl haiwagusi. Unaweza kuimeza siku zote 12 bila kukosa na E. koli ikakulaza hotelini siku ya nne. Kinachowapata wengi wanaoimeza ni ladha ya chuma mdomoni, nawe umesafiri kwenda kuonja.

Mbona basi mwenzako anaiapia? Kwa sababu kuhara kwa safari, kwa walio wengi, huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Aliumwa, akameza, akapona, sifa ikaenda kwa kidonge. Safari iliyofuata hakuumwa kabisa, sifa ikaenda kwa kidonge tena. Nimebishana na watu wazima, wasomi, juu ya jambo hili, wakaondoka wamekunja uso kwa kuwa nimewanyima. Kisha wanavuka barabara, wanauziwa bila hata kuulizwa jina. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu aliyewauzia anajua anachokifanya.

Samaki sasa, na hapa naomba unisome taratibu. Mkoa wa Guangdong, ambao Guangzhou ni makao makuu yake, ni mmojawapo wa maeneo ya China yenye minyoo bapa ya ini iitwayo Clonorchis. Mabuu yake hukaa ndani ya nyama ya samaki wa maji baridi, yaani wa mito na mabwawa, na wengi wa samaki mbichi wanaoliwa huko kwa mtindo wa kienyeji ni wa mabwawa. Limau hugeuza rangi ya nyama ikawa nyeupe kama iliyoiva, jicho likadanganyika. Mabuu yamejifungia kwenye vifuko, na vifuko hivyo vimeumbwa kupita salama katika tindikali ya tumbo lako, vikafunguke mbele, kwenye utumbo mdogo. Kitu kinachovuka tindikali ya tumbo, limau litakifanya nini? Pilipili ndiyo kabisa. Wala usijifariji kwa kusema samaki ametolewa majini akiwa hai mbele ya macho yako. Mabuu humwingia akiwa hai, kwa hiyo upya wake si kinga.

Yakishakomaa, minyoo hukaa kwenye mirija ya nyongo na inaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa kipindi kirefu bila dalili yoyote. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la visababishi vya saratani ya mirija ya nyongo vilivyothibitika. Kile kidonge kimoja cha albendazo ambacho watu humeza kila baada ya miezi kadhaa kwa ajili ya minyoo hakitoshi. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho, na huandikwa baada ya kupimwa. Samaki huyohuyo akichemshwa au akipikwa kwa mvuke hadi ndani ni chakula kizuri kabisa, na Wachina wa kusini wanajua kumpika. Mle huyo.

Mengineyo unayajua tayari, maana wewe ni mtu wa sokoni. Kwenye mnada wa Msalato hununui nyama iliyolala pembeni tangu asubuhi, unasubiri inayotoka kwenye moto. Fanya hivyo Guangzhou: supu inayochemka, tambi zinazokaangwa mbele yako, maandazi ya mvuke yakitolewa kwenye chungu, tunda unalolimenya mwenyewe. Wali uliokaa masaa uepuke hata ukipashwa, kwa sababu kuna bakteria ambaye sumu yake haivunjwi na moto.

Unga wa 45,000 usinunue. Mwombe huyo dada namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na umwulize ndani mna nini. Hakuna unga unaojenga ukuta tumboni. Fedha hiyo iweke kwenye chanjo ya homa ya ini A na ya taifodi, na uulizie mapema, si wiki ya safari. Beba pia pakiti kadhaa za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, kila moja kwa lita moja ya maji salama. Ukihara damu au ukipata homa, nenda hospitali hukohuko, na usimeze dawa ya kufunga choo.

Sasa niseme na wote, maana hili si lako peke yako. Tumbo lenye afya limejaa bakteria wasio na madhara, na wao hushikilia nafasi ili wageni wasikae. Ukimeza antibayotiki bila ugonjwa, unawafukuza wenyeji na kufungua mlango. Wasafiri wanaotumia antibayotiki njiani hurudi nyumbani wamebeba bakteria sugu mara nyingi zaidi kuliko wasiotumia, na wengi hawajui, kwa kuwa hawaumwi. Wanashika mwiko, wanapika ugali na mlenda, wanambadilisha mtoto nepi. Kisha siku mtoto akipata maambukizi ya njia ya mkojo, dawa ya kwanza inagoma, ya pili inagoma, na mama anasimama dirishani pangu akiuliza kwa nini sindano ni ghali namna hii. Najua anakotoka huyo mama. Pakiti moja ya Flagyl ni bei ya soda, na ndiyo maana kila mtu anaibeba.

Kama umekwisha kuinunua, usianze kuimeza na usimgawie jirani. Na huyo mwenzako mwambie aje na mfuko wake wa dawa za safari, tuzipitie moja moja kabla hajapanda ndege tena.