Sauti kukauka baada ya ibada mbili

Dada yangu, unasema ukiimba soprano (sauti ya juu ya kike) ibada mbili kanisani hapo mtaa wa Umoja, jioni sauti imekauka, na pumzi hukatika katikati ya mstari. Pole sana. Anza na mrija wa soda: uzamishe sentimita 2 hivi ndani ya glasi ya maji, uvumishe "uuu" kupitia humo, ukipanda na kushuka taratibu, dakika 3. Viputo vikitoka sawasawa, pumzi inatiririka. Vikikatika, huenda unabana koo. Mgandamizo unaorudi kwenye mrija huzisaidia nyuzi za sauti zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Ukivuta pumzi, mabega yasipande, mbavu ndizo zitanuke. Ukitoka ibadani, tafadhali usishindane na muziki wa matatu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, muone daktari wa koo.