Kwa nini Iten iko ukingoni mwa genge

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini makao makuu ya Elgeyo-Marakwet, kaunti uliyohamishiwa kazi, yamewekwa Iten, ukingoni kabisa mwa genge, na jina hilo limetoka wapi.

Jina kwanza. Inasimuliwa kwamba Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, alikitia kilima kimoja kwenye ramani kwa jina la Hill Ten. Wenyeji wakalitamka Iten, basi likakwama hivyo.

Wakoloni waliiweka ofisi ya wilaya Tambach, chini ya Iten, kwenye bega la genge. Ukipita hapo tazama: juu yako ukuta wa mawe, chini Bonde la Kerio, na katikati kipande chembamba cha ardhi. Mji utatanukia wapi? Ndiyo maana makao yakapandishwa Iten: ina uwanda mgongoni na Eldoret haiko mbali, kilomita thelathini na kitu. Wilaya ya Elgeyo-Marakwet ilipogawanywa kuwa mbili mwaka 1994, Keiyo ikabaki na Iten, Marakwet ikapata Kapsowar. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 wilaya hizo mbili zikawa kitu kimoja tena, makao yakiwa Iten.

Ila genge lenyewe ndilo la kuangaliwa. Mji uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako. Juu kuna tabaka la lava ngumu, fonolaiti, lililolalia miamba ya kale zaidi. Bonde la Ufa lilipodidimia, ukingo huu ukabaki umesimama. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa za mwamba, mapande yakalegea na kuporomoka. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa mawe hukutwa barabarani kuelekea Tambach. Usiiteremke usiku wakati wa masika. Na tia gia ndogo tangu juu kabisa: anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha, na breki iliyochemka haishiki.

Mvua yenyewe hugawana njia hapo. Ya mashariki huingia Kerio na kuishia Ziwa Turkana, ya magharibi hufuata Nzoia hadi Ziwa Victoria.

Jikoni utashangaa. Hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo githeri itatokota weee na mahindi bado magumu. Loweka usiku kucha, au nunua presha kuka. Pumzi nayo itakukata siku za kwanza. Usijaribu kushindana na wale wakimbiaji unaowaona alfajiri, hewa hiyo nyepesi ndiyo waliyoifuata.

Ukija Nakuru, pitia Kabarnet na Marigat. Vaa sweta ukiondoka, maana ukifika daraja la Chebloch, pale Kerio inapopenya kwenye korongo jembamba, joto litakuwa limepanda kwa nyuzi saba au zaidi na utaivua mwenyewe.

Mama yako