Mbwa anakojoa ndani? Nilimpoteza mmoja kabla sijajifunza

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja aliyeko Mwanza. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nina mbwa wa miezi mitano, kila asubuhi nakuta mkojo sebuleni na mavi nyuma ya kochi. Nimempiga, nimemsukumiza pua kwenye mkojo wake, haachi. Mume wangu amenipa wiki mbili mbwa awe ametoka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, na mara ya tatu niliweka simu chini, kwa sababu hayo uliyoandika niliyafanya yote, kwa mpangilio huohuo, na mwisho wake ulikuwa mbaya. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa kuwa najua wengi wetu tunataka kitu kilekile: mbwa anayelala ndani, na nyumba ambayo mgeni akiingia haanzi kutafuta harufu inatoka wapi.

Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga Tabata, Dar es Salaam, ghorofa ya pili. Nikaletewa mtoto wa mbwa mweusi mwenye kidevu cheupe, nikamwita Bosko. Alikuwa na wiki sita tu. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kuwahi daladala na kurudi saa moja usiku. Saa 13 yuko peke yake ndani. Leo najua kwamba mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa saa chache mno. Kanuni inayotumiwa sana ni kuchukua umri wake kwa miezi na kuongeza moja, na hicho ndicho kikomo chake cha saa. Wa miezi miwili, saa tatu. Mimi nilimdai Bosko saa 13, na aliposhindwa nilivua kandambili.

Nilikuwa nafungua mlango, naona dimbwi kwenye zulia, namkokota mpaka pale, namgandamiza pua, nampiga. Baada ya wiki mbili tatu akaanza kulaza masikio na kunikwepa macho mara tu anaposikia ufunguo. Nikawa nawaambia marafiki zangu, "Mwoneni, anajua kosa lake kabisa." Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Baadaye sana nikasoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa wa Marekani. Alichukua mbwa 14, kila mmoja akakatazwa na mwenyewe asile kipande cha chakula, kisha mwenyewe akatoka chumbani. Ile sura ya hatia tunayoijua sote haikufuata kama mbwa amekula au hakula. Ilifuata kama mwenyewe amegomba. Hata asiyekula, akigombezwa, alilaza masikio vilevile, tena zaidi. Bosko hakuwa anakiri kosa la saa nne zilizopita. Alikuwa ananiogopa mimi, niliyesimama mlangoni.

Na kipigo kilimfundisha jambo moja tu: kujisaidia mbele ya binadamu ni hatari. Jumapili nilikuwa nashuka naye chini, tunazunguka nusu saa, hatoi hata tone. Tukipanda juu anajipenyeza nyuma ya kochi na kumwaga yote. Nikaita jeuri. Nikampiga zaidi. Mdogo wangu, umeandika kwamba wako anafanya nyuma ya kochi. Mbwa anayetafuta mahali pa kujificha ili ajisaidie ameshajifunza kujificha, na aliyemfundisha ni mkono wako.

Mwenye nyumba alipolalamika kuhusu harufu kwenye ngazi, nikampa Bosko mtu mmoja wa Kibaha aliyesema anafuga kuku na ana eneo kubwa. Alimpakia kwenye bodaboda ndani ya gunia, kichwa kikiwa nje, na Bosko aliniangalia mpaka walipokata kona. Baada ya wiki tatu nikapiga simu kumjulia hali. Yule bwana akaniambia mbwa alitoroka akagongwa na lori kwenye barabara ya Morogoro. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya unga, kisha akaniuliza kama nina mwingine.

Sitaki yakukute hayo.

Miaka iliyofuata sikufuga. Mwaka 2020 nilihamia Morogoro, maeneo ya Kihonda, nyumba yenye uzio na mpapai uani. Jirani yangu anafundisha panya. Wenyeji wa hapa hatushangai, lakini kwa msiojua: kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, yule panya aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, anatoka kwenye mafunzo hayo. Jioni moja nikamwuliza jirani wanamfanyaje panya anapokosea. Akanijibu, "Hatumfanyi kitu. Akipatia anasikia mlio, anapewa ndizi. Akikosea hapati ndizi. Ukimpiga panya, dada yangu, kesho hatoki kwenye kizimba."

Nililala na maneno hayo. Panya anaokoa miguu ya watu kwa kipande cha ndizi, na mimi nilishindwa kumfundisha mbwa kukojoa nje kwa kandambili.

Tausi alikuja mwishoni mwa mwaka huo akiwa na wiki tisa. Safari hii nilichukua likizo yangu yote ya mwaka kwa ajili yake, na watu walinicheka. Nilitoka naye kila alipoamka. Nilitoka naye dakika 15 mpaka nusu saa baada ya kula. Nilitoka naye akimaliza kucheza, kabla ya kulala, na saa nane usiku. Kutoka naye maana yake nami niko nje, nimevaa kanga, nimesimama naye palepale kwenye mpapai, kona ileile kila siku ili harufu yake imkumbushe. Akichuchumaa nasema neno moja, "kojoa", kwa upole. Akimaliza, papo hapo, kabla hajainua mguu kuondoka, anapata kipande cha ini lililochemshwa au dagaa mmoja nisiyemtia chumvi. Zawadi inatolewa pale kwenye mpapai. Ukisubiri mpaka mfike mlangoni utakuwa umemlipa kwa kurudi ndani, na atajifunza kuharakisha kurudi ndani akiwa bado amebana.

Kama hamjatoka, toka naye. Kama hujui kama ametoka, toka naye. Najua narudia.

Usiku alilala kwenye sanduku la mbao alilonitengenezea fundi, kando ya kitanda changu, lenye nafasi ya kujigeuza na kujinyoosha lakini si ya kujitengea choo pembeni. Mbwa kwa asili yake hapendi kuchafua anapolala. Akianza kuhangaika ndani ya sanduku nasikia, nainuka. Chakula alipewa kwa saa maalumu, cha mwisho saa kumi na mbili jioni, si makombo ya kila saa, maana anayekula ovyo hujisaidia ovyo. Maji usimnyime, Morogoro na Mwanza zote zina joto.

Kuna siku alikojoa ndani, tena nyingi. Nikimkuta katikati ya tendo nilipiga makofi mara moja ili akatishe, nikambeba mpaka kwenye mpapai. Nikikuta dimbwi limeshapoa, nilimfungia chumba kingine nikadeki kimyakimya bila kumtazama. Hiyo kimya ilinigharimu kuliko kuamka saa nane usiku.

Kuhusu kudeki nina jambo zito. Tabata nilikuwa namwaga jiki moja kwa moja juu ya mkojo nikidhani naua harufu. Mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa mvuke unaokwangua macho na kifua. Siku moja nilikohoa mpaka nikatoka nje kushika ukuta. Usichanganye. Wala usichanganye jiki na siki, hutoa mvuke mbaya vilevile. Fanya hivi: nyonya mkojo wote kwanza kwa matambara makavu, kanyagia juu yake. Kisha loweka pale kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (soma pakiti, huandikwa "enzymes"), iache ikae, suuza. Harufu ikibaki, siki na maji nusu kwa nusu. Pua yako ikisema pamekuwa safi usiiamini. Mbwa ana vipokea harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna kama milioni 5 au 6. Akisikia hata unyayo wa mkojo wa juzi atajua hapa ndipo chooni. Zulia la Tabata nililisugua mwaka mzima na halikuacha kumwita Bosko.

Wiki tatu za kwanza na Tausi sina zaidi la kusimulia, ni kutoka na kuingia. Akiwa na miezi mitano alianza kwenda mlangoni mwenyewe na kukwaruza. Niliposikia mkwaruzo ule mara ya kwanza nilikaa sakafuni nikalia. Masika yalipoanza akagoma kukanyaga majani mabichi, nikaezeka bati mbili juu ya kona yake, mambo yakaendelea.

Sasa nifike kwenye lile ambalo bado linaniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshajua yote hayo.

Mwezi wa saba mwaka 2023, Tausi akiwa mkubwa na mwenye adabu zake, alianza tena kukojoa ndani. Jikoni, sebuleni, mara moja kitandani kwangu. Sikumpiga, ila niligomba, na usiku wa tatu nikamfunga nje kwa mnyororo. Usiku wa nne vilevile. Nilijiambia amepata kiburi. Muuza dawa za mifugo mmoja, simtaji, alimchoma sindano ya minyoo bila hata kumgusa tumbo, akachukua hela yake akaondoka. Binti anayenisaidia nyumbani ndiye aliyeniambia, "Mama, Tausi anachuchumaa mara kumi, yanatoka matone, na leo yana wekundu." Nilimpeleka hospitali ya wanyama ya pale Sokoine, mkojo ukapimwa, ikawa maambukizi ya kibofu, ambayo majike huyapata zaidi kuliko madume. Alipewa vidonge, nikaambiwa nisikatishe dozi hata akionekana mzima. Siku ya nne hakuchafua tena. Nilikuwa nimemfunga mgonjwa kwenye baridi ya mwezi wa saba, chini ya milima ya Uluguru, siku mbili mfululizo, mimi niliyekuwa nawafundisha wenzangu.

Kwa hiyo mbwa aliyekuwa msafi akianza ghafla kuchafua, peleka hospitali kwanza. Maambukizi, kisukari, figo, uzee, hata baadhi ya dawa kama prednisolone, ya kutuliza uvimbe na mwasho, humfanya anywe maji mengi na kushindwa kubana. Hakuna mafunzo yanayotibu kibofu.

Jamani, tubadilike. Tunachukua watoto wa mbwa wa wiki tano, bado wananyonya, kwa sababu tumeona picha ya mtu na mbwa wake kwenye kochi jeupe. Tunawafungia kutwa. Tunawapiga kwa kitu ambacho hakuna aliyewafundisha. Kisha tunawatupa kwa watu tusiowajua na kusema mbwa huyu hafai. Mtoto wa binadamu tunamvumilia miaka miwili, mitatu, na nepi juu; mbwa tunampa wiki mbili. Watu husema samaki mkunje angali mbichi na wanadhani wa miezi mitano ameshakauka. Hajakauka. Wapo mbwa wa miaka sita waliotoka mitaani wakajifunza.

Nirudi sasa kwako, mdogo wangu. Wako amepigwa, kwa hiyo una kazi ya kwanza ambayo mimi na Tausi hatukuwa nayo. Siku tatu asisikie sauti ya ukali ndani ya nyumba hiyo, wewe wala shemeji. Shemeji akirudi kazini na mbwa akachuruza mkojo mlangoni, huo si ukaidi, ni hofu. Asimwinamie wala kumkazia macho, apite tu, na kama inawezekana wakutane uani kwanza. Sogeza kochi, ziba ile nafasi ya nyuma, safisha pale kama nilivyoeleza. Nje usimsimamie kichwani, geuka pembeni, mwache aone kwamba hakuna kandambili. Wa miezi mitano anaweza kubana saa sita kwa shida, kwa hiyo kama nyote mnatoka asubuhi, mwombe mtu amtoe saa sita mchana, hata kwa kumlipa kidogo.

Mwonyeshe shemeji makala hii. Usimwombe akubali mbwa, mwombe daftari moja na wiki mbili hizohizo alizokupa. Kila siku andikeni: ndani mara ngapi, nje mara ngapi, saa ngapi. Siku ya kwanza itatisha. Jumapili nitumie picha ya ukurasa huo, hata kama umejaa "ndani" tupu, nami nitapanga na wewe saa za wiki ya pili.