Napima viuno vya watu, changu kilinipita

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, Mbeya. Futi kamba haitoki shingoni. Niulize kiuno cha mteja wa juzi, nakutajia bila kufungua daftari. Lakini mimba yangu ya pili iligundulika ina wiki 26, na aliyeigundua wala si mimi.

Nikisimulia, watu huguna. "Wiki 26 mtoto anacheza, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwepo. Ila kila dalili niliitafutia jibu, na jibu halikukosekana.

Kubwa ni kwamba nilikuwa nanyonyesha. Mimba ilipoingia mtoto alikuwa na miezi 8 hivi, na tangu nimzae sikuwa nimeziona siku zangu. Mtaani kwetu wanawake wanakuambia ukinyonyesha hushiki, basi. Si uongo mtupu. Kinga hiyo ipo, ila ina masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi 6, awe ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, nawe uwe hujaanza kuona damu. Wangu alishaanza uji wa ulezi na ndizi za kuponda. Halafu kuna jambo hakuna aliyenieleza: yai hutangulia, damu hufuata kama wiki 2 baadaye. Yai la kwanza likishapata mbegu, damu unayoisubiri haiji tena. Unatoka mimba hadi mimba bila kuona hata tone.

Ikaja baridi ya mwezi wa 6, wa Mbeya mnaijua. Sweta, koti, kitenge juu ya sketi, nani anaona tumbo? Sketi ilipoanza kubana nilifanya kile ninachowafanyia wateja, nikaachia mshono inchi moja kila upande. Nikasema ni viazi vya Uyole hivi. Mwezi uliofuata nikatoa zipu kabisa, nikatia mpira.

Jioni nikikaa nilisikia kitu kinageuka tumboni, polepole, kama samaki kwenye ndoo. Nikaenda kituo cha afya nikasema nina gesi. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo na za minyoo. Hakuna aliyeniuliza siku zangu, nami sikuzitaja. Baadaye, kwenye ultrasaundi, niliambiwa kondo la nyuma limekaa mbele, kati ya mtoto na ngozi ya tumbo, ndiyo maana mateke yalinifikia yamefifia.

Mama mkwe ndiye aliyenikamata. Alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akawa ananisaidia kumfunga mtoto mgongoni. Alipopitisha kanga mbele, mkono wake ukasimama.

"Mwanangu, hii ina miezi mingapi?"

"Ipi, mama?"

Hakujibu. Aliketi akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nililia kweli.

Nikuambie basi ambayo ningependa kuambiwa. Kama unanyonyesha na mtoto ameanza kula, au umepitisha tarehe ya sindano ya uzazi wa mpango, usisubiri damu ikupe taarifa. Kipimo cha mkojo kipo duka la dawa, bei yake haifiki mita ya kitenge. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikisema hapana na tumbo linaendelea kucheza, kapige ultrasaundi. Na ukienda hospitali kwa gesi, kizunguzungu au mgongo, taja mwenyewe siku zako hata usipoulizwa.

Ukikuta mimba imeshakuwa kubwa, usijifiche kwa aibu. Nilikaa siku tisa nikiogopa kufokewa kliniki. Nilifokewa kidogo, ikapita. Walipima damu, VVU, kaswende, presha na mkojo. Damu yangu ilikuwa chini, na ndivyo inavyoweza kuwa mimba zikifuatana. Wataalamu hushauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kubeba nyingine. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Kila dawa niliyokuwa nimemeza niliitaja, hata za mizizi. Zitajeni jamani, muuguzi hakuoni tumboni.

Tarehe ya kujifungua usiishike sana. Ultrasaundi ya mimba kubwa inaweza kukosea kwa wiki 2 au 3. Mimi nilijifungua siku 16 kabla ya ile niliyoandikiwa, na bahati yangu mama mkwe alishapanga kanga na vifaa kwenye begi.

Maneno hayakukosekana. "Umembemenda mtoto," jirani alisema mbele ya wateja wangu, yaani nimemdhoofisha kwa kubeba mimba akiwa bado ananyonya. Muuguzi aliniambia nikiwa na afya naweza kuendelea kunyonyesha, ila maziwa yanaweza kupungua, kwa hiyo mkubwa ashibe chakula. Nikamwongezea mayai, maharage na parachichi. Hakudhoofika. Jirani sikumjibu, ila gauni lake nililichelewesha kidogo, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita kaja mteja, mtoto mgongoni. Kwenye daftari kiuno chake ni 29, futi kamba ikasema 33. Nikamuuliza siku zake, akacheka: "Dada fundi, mimi si nanyonyesha!" Nikampa buku, shilingi elfu moja, nikamwonyesha duka la dawa hapo ng'ambo. Kitambaa chake kiko mezani, bado sijakikata.