Kutoa nanochembe za fedha kwenye bakteria

Ndugu, umeuliza utazitoaje nanochembe (chembe ndogo mno za madini ya fedha) baada ya bakteria wako kugeuka kahawia kwenye nitrati ya fedha, rangi inayoashiria kuwa chembe zimeundwa. Kwanza jua ziko wapi. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha chupa ili vilivyo vizito vishuke chini) kwa kasi ndogo hadi seli zishuke, kisha tazama maji ya juu. Yakiwa na rangi ya manjano-kahawia na kufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 420 (linganisha na maji ya bakteria wasiowekewa fedha), basi chembe ziko nje na kazi ni nyepesi: yamimine, yazungushe tena kwa kasi kubwa, osha mashapo kwa maji yaliyokenekwa.

Rangi ikishuka na seli, itabidi uzipasue. Wengi hutumia mawimbi ya ultrasoniki (sauti ya juu mno isiyosikika). Piga kwa vipindi vifupi, chupa ikiwa kwenye barafu, maana joto hugandisha protini na chembe hunasa humo. Bakteria wenye ukuta mnene wape kwanza lisozimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta huo.

Na tafadhali sana, usioshe kwa maji ya chumvi! Kloraidi hukamata ioni za fedha zilizobaki, ukapata unga mweupe wa kloraidi ya fedha ukadhani ndiyo mavuno. Protini zilizozishika chembe usihangaike kuzing'oa zote. Ndizo zinazozizuia zisishikamane.

Wanaofuga bakteria wa sumaku kama Magnetospirillum wana nafuu: seli zikishapasuka, magnetosomu (chembe zao za sumaku) hukusanywa kwa sumaku.