Riwaya za kukukesha

Dada, nimekuelewa: shuleni ulikuwa msomaji hodari, siku hizi kila riwaya unaiacha kurasa za mwanzoni na kushika simu. Mimi nadhani huna uvivu wowote, unachagua vibaya tu. Riwaya nzito zinazosifiwa na wahakiki si za kurudia nazo usomaji.

Anza na upelelezi. Mpelelezi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba, hasa katika Kufa na Kupona, hana muda wa kupiga soga. Mambo yanakwenda mbio mpaka unasahau chungu jikoni. Ukimpenda, hamia kwenye Tutarudi na Roho Zetu? cha Ben Mtobwa, chenye mpelelezi Joram Kiango. Ukitaka fumbo la taratibu, la Unguja ya zamani, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960). Kiswahili chake peke yake ni karamu.

Upelelezi haukuvutii? Basi Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Yasmin anaozwa mzee asiyempenda, anatoroka, na hapo ndipo kasheshe linapoanza.

Dukani, soma kurasa mbili tatu ukiwa umesimama. Zisipokushika, rudisha, usione haya. Vingi vya zamani utavipata kwa wauza vitabu vilivyotumika, ila kagua kama kurasa zote zimo, maana kukosa sura ya mwisho ya upelelezi ni mateso. Musiba usimfungue usiku wa kuamkia kazini.

Na kama kichwa kinauma kila ukisoma kidogo, kapime macho kwanza.