Maswali Yenu: Harusi, Boda na Maji ya Namugongo

Swali: Tumeishi pamoja miaka tisa, tuna watoto watatu, na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya utambulisho, tulifanya. Pesa za harusi ndizo hatuna. Padre ananinyima Komunyo. Ni haki? (Mama, Busia)

Jibu: Swali hili halikauki. Padre yuko sahihi, mama. Kwanjula imewatambulisha kwa wazee, ni jambo jema, lakini sakramenti ya ndoa bado. Na sakramenti inadai nini? Nyinyi wawili mkiwa huru kuoana, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Basi. Keki ya ghorofa nne, hema na magari ya kukodi ni matakwa ya kamati, si ya Kanisa. Nimeona kadi za michango zikizungushwa jumuiya nzima, kisha bwana harusi akakaa na madeni mwaka mzima. Ombeni ndoa kwenye Misa ya asubuhi, mkirudi mpike matoke na mchuzi wa karanga. Baba watoto akisema anangoja hali iwe nzuri, mkumbushe Mattia Mulumba, mfiadini wa Uganda: alikuwa na wake kadhaa, akawa Mkristo akabaki na mmoja. Mwaka 1886 alikatwa mikono na miguu, akaachwa Old Kampala mpaka akafa. Baba watoto yeye anashindwa na keki.

Swali: Naendesha boda boda Kampala. Kwaresima nifunge siku zote?

Jibu: Inayolazimu ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Siku hizo na Ijumaa zote za Kwaresima nyama inaachwa, kuanzia miaka 14. Samaki ruksa, ila anayeacha mchuzi wa nyama akaagiza sato mzima wa kukaanga na soda mbili anamdanganya nani? Ukishikwa na kizunguzungu barabarani, kula. Abiria wako ana watoto.

Swali: Misa ya kwenye simu inahesabiwa?

Jibu: Mgonjwa itamsaidia kusali. Wewe mzima, hapana. Na kitubio kwa WhatsApp pia hapana, kabla hujaniandikia tena.

Swali: Magoti yananisumbua. Nikienda Namugongo kwa basi, hija inahesabiwa?

Jibu: Inahesabiwa. Kinachonikera tarehe 3 Juni, sikukuu ya Wafiadini wa Uganda, ni watu kusukumana na madumu wakichota maji ya ziwa la pale Namugongo, huku kitubio hawajakifikia tangu Pasaka ya mwaka juzi. Na anayekuuzia chupa ya maji hayo kando ya barabara akikuahidi viza ya Dubai, mpite.